Nundu ya Upinde wa Ireri

Ningekataa. Neno hilo hunijia kila ninaposikia kipande cha chupa kikikwangua mti, kama wiki jana mjukuu wangu alipokuwa akilainisha mpini wa jembe uani. Nilimwomba akaifanyie kazi hiyo mbali, naye akadhani masikio ya uzee hayapendi kelele.

Tulikaa upande wa chini wa Embu, kwenye joto, mahali ambapo nyani walijua mtama umekomaa kabla yetu. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alichonga pinde, na mdogo wangu Ireri alipofika umri wa kulinda shamba, alimchongea wake kwa mti wa mkole. Mti wenyewe haukuwa sawa. Mkono wa chini wa upinde ulinyooka vizuri, lakini wa juu ulikuwa na fundo katikati, na hapo ukapinda kidogo kama mtu anayechungulia mlangoni. Baba hakuutupa. Alikwangua, akavuta uzi kidogo, akautazama ukijikunja, akakwangua tena upande uliokuwa mgumu, hadi mikono yote miwili ikakunjika pamoja. Pale kwenye fundo aliacha nundu. Kisha akaupaka mafuta ya kondoo karibu na moto, nyumba nzima ikanukia.

"Hapa pasiguswe," alituambia. "Nyuzi za mti zimezunguka fundo. Ukiondoa nyama hii, hazina cha kushika."

Wavulana wa mashamba ya jirani hawakuwa na habari na nyuzi za mti.

"Ireri, huo ni upinde ama goti la ngamia?"

"Mwacheni. Upinde wake una mimba."

Ireri hakulia mbele yao. Alinifuata nyuma ya ghala, kipande cha chupa mkononi. Baba alikuwa ameenda kwenye mizinga yake ya nyuki, alale huko huko.

"Nyaga, ondoa kidogo tu. Ufanane na mkono ule mwingine."

"Baba alikataza."

"Baba hachekwi."

Nilikuwa mkubwa wake, na nilipenda kuombwa. Nilikwangua. Mti ulitoka vipande vyembamba vilivyojikunja kama nywele za mtoto, na kila nilipotaka kuacha, Ireri alipitisha kidole akasema bado. Upinde ukawa mzuri kuliko wowote aliowahi kuchonga baba. Jioni ile wavulana waliupokezana bila neno, na Ireri akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeotesha mti.

Asubuhi nyani waliingia mtamani. Ireri alivuta uzi hadi sikioni, kama mtu mzima. Nilisikia mlio mkavu, mara mkono wa juu ukakatika pale nilipoanzia kukwangua, ukamrudia usoni. Aliketi kati ya mabua, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akaniuliza, "Nyaga, upinde umevunjika?"

Mama alimbeba mgongoni akaenda naye hospitali. Nikabaki peke yangu na vipande. Mahali nilipokwangua palionekana peupe, na baba angepaona mara moja. Nilikisukuma kipande kile cha mkono wa juu motoni, chini ya chungu cha maharagwe. Kwa sababu ya mafuta ya kondoo, kiliwaka kwa furaha.

Baba aliporudi alikusanya yaliyobaki. "Kile kipande cha juu kiko wapi?"

"Kilirukia mtamani, baba."

Akaenda kukitafuta. Alikitafuta siku ile na siku zilizofuata. Mavuno yalipokwisha nilimwona ameinama kati ya visiki vya mtama, akigeuza majani kwa fimbo. Mama alimwambia apumzike. "Nataka tu kuona nilipokosea," akasema. Hakuchonga upinde tena. Tezo yake ya kuchongea alimpa jirani, kisha yeye mwenyewe akajifunza kutotazama mikono yake.

Ireri alirudi akiwa na jicho moja. Hakusema lolote kuhusu kipande cha chupa, nami nikaona ananilinda, nikashukuru. Nilienda sekondari, nikapata kazi, nikazoea.

Tulipomzika baba ndipo nilipomweleza Ireri habari ya moto.

"Kumbe ulikichoma," akasema. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe mkubwa useme, tuseme pamoja. Hasara ya jicho niliiomba mwenyewe, Nyaga. Lakini ulimwacha baba atafute."

Alihamia Mitunguu, analima ndizi. Tunaonana kwenye mazishi tu. Hunisalimia kwa adabu, kisha huchagua kiti ambacho kitaniacha upande wake wa kulia, upande asiouona. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya.

Niliondoa nundu ile ili ndugu yangu asichekwe. Sasa sina ndugu.