Mpira wa ndege umepasukia mkononi mwangu

Jamani, leo nimemgombeza fundi wa ndege mbele za watu!

Mnajua mwanangu Tumaini anasubiri ile ndege ndogo ya misheni impeleke akafanyiwe upasuaji wa mguu. Injini yake ya zamani ilichoka, nikasikia mpya imefika. Nikambeba mgongoni mpaka uwanjani, nikijua kesho tunaruka.

Nafika, injini mpya bado iko kwenye sanduku! Fundi anafungua mipira ya mafuta, raba zinazoshikilia injini, hadi bomba la moshi.

"Shikamoo fundi. Mbona unabomoa tena?"

"Marahaba, mama Tumaini. Hivi navyo vimechoka. Mtasubiri kama wiki hivi."

Wiki! Nikapandisha sauti. Nikaokota mpira mmoja, mweusi, unang'aa kabisa.

"Huu nao una ubaya gani?"

Nikaukunja ili nimwoneshe.

Ukapasuka.

 

Fundi akanionesha ule ufa. "Huo ndio ungepeleka mafuta kwenye injini mpya, nyinyi mkiwa juu ya mlima Hanang."

Aibu niliyopata! Na kwetu Gehandu ni mimi ninayewakemea wanaume: ukinunua maksai mpya, kagua nira na minyororo ya zamani kabla hujaingia shambani.

"Fundi, badilisha vyote. Tutasubiri."

Nimeomba kile kipande cha mpira, nimekuja nacho nyumbani. Jirani akiniuliza mbona hatujaondoka, nampa akunje mwenyewe.

Nyie mngepanda ndege yenye mpira kama huo?