Mkono Uliokunjwa Bure

Dada yangu alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Pale hospitali ya Masisi, wauguzi wakaomba watu wa kumtolea damu. Nilisimama wa kwanza, nikakunja mkono wa shati mbele ya wakwe zake.

Muuguzi alinichoma kidole, akatazama kipimo, akaniita kando.

"Papa, damu yako hatuwezi kuikamata. Iko na epatiti B, ule ugonjwa wa maini."

"Mimi? Siumwi kitu. Jana nililima maharagi."

"Inaweza kukaa miaka bila kujionyesha."

Nikarudi uani, mkono bado umekunjwa. Mama mkwe wa dada aliniangalia kwa mshangao.

"Unamunyima dada yako damu?"

Watu wakageuka. Kuonekana mchoyo kungekuwa afadhali, lakini nilisema, "Damu yangu iko na ugonjwa wa maini." Mwanamke niliyekuwa nimekaa naye mkekani tukila alivuta sahani ya viazi upande wake, polepole, kana kwamba sitaona.

Dereva wa pikipiki aliyekuwa amemleta mgonjwa mwingine kutoka Pinga ndiye aliyetoa damu. Dada akapona. Nilifurahi, lakini sikuweza kumtazama yule mtu usoni.

Kabla sijarudi nyumbani Karuba, muganga wa hospitali alinieleza. "Virusi yenyewe siyo inaharibu maini sana. Askari za mwili zinaitana kwa protini ndogo-ndogo zenye kutembea mu damu. Zikiitana bila kupumzika, zinapigana mule mu maini, na maini inaumia." Akanikataza pombe, akataka nirudi kupimwa. Nikauliza kwa sauti ya chini kuhusu mke wangu. "Apimwe, na watoto pia. Chanjo iko. Kula pamoja hakuambukizi."

Nyumbani nilimwambia mke wangu nikiwa nimegeukia ukuta. Akauliza, "Uliipata kwa nani?"

"Sijui. Muganga anasema pengine kwa mama, wakati wa kuzaliwa."

Ni kweli muganga alisema hivyo, lakini maneno yaliponitoka, nikatamani kuyarudisha. Mama alikufa tumbo limemvimba, na kijijini walisema amerogwa. Sasa nilikuwa nimemtwika hata hili, ili mke wangu asinifikirie vibaya.

Walipimwa, wote wakawa wazima, wakachanjwa. Mke wangu hakuuliza tena. Lakini kaburi la mama liko kando ya shamba letu, na nikipita pale asubuhi, ninatazama upande mwingine.