Gazeti Lililotutaja kwa Majina

Jumanne hiyo tulikuwa na mapazia ya kijani. Nakumbuka rangi kwa sababu kitambaa kile kilitoa vumbi, na ukipenga kamasi inatoka kijani. Kasongo, Mkongo wa Uvira aliyekaa kwenye cherehani ya karibu na mlango, alisema siku tukifa daktari atatupasua akute hoteli nzima ndani.

"Yako atakuta na baa," mdogo wangu Goreti akamjibu, bila kuinua macho kwenye mshono.

Tulicheka. Ilikuwa siku ya kawaida, mwezi wa tano 2008, baridi imeanza.

Tulikuwa mafundi kumi na mmoja, Warundi, Wakongo na Mtanzania mmoja. Karakana ilikuwa Bertrams, hapa Johannesburg, ghorofa ya kwanza, na dirishani uliona uwanja wa mpira wakiutengeneza kwa ajili ya Kombe la Dunia. Hoteli nazo zilikuwa zinajipamba, ndiyo maana ya mapazia. Dirisha lilikuwa na nondo. Mlango ulifungwa kwa nje wiki nzima. Tulilala humo humo, wanawake nyuma ya marobota, wanaume chini ya meza ya kukatia. Kila Jumapili tajiri alikuja kutufungulia, akatupeleka kanisani, akaturudisha, akafunga.

Tajiri alikuwa Mrundi mwenzetu, mtu wa Rumonge kama mimi. Anaitwa Déo Karikurubu. Naandika jina lake lote, kwa sababu yupo, anakula, anaimba kwaya.

Wengine huniuliza, mlikuwa watu wazima kumi na mmoja, mlishindwaje na kufuli moja? Wanaouliza hivyo wana vitambulisho. Mkimbizi hapa hupewa karatasi moja yenye picha na muhuri, na kila baada ya miezi kadhaa lazima uipeleke ofisini waigonge tena. Ikipita tarehe, unaweza kukamatwa ukiwa umeshika mkate mkononi. Déo alizikusanya zote. Alisema anaijua foleni, atakuwa anatupelekea yeye. Kwa hiyo hata mlango ungekuwa wazi tungekaa. Tungekwenda wapi bila karatasi? Alilijua hilo. Kufuli aliweka kwa ajili ya wakaguzi, waone pamefungwa wapite.

Wiki ile redio ilisema wageni wanapigwa mtaa wa Alexandra. Kisha ikasema Jeppe, ambako kwa miguu si mbali. Wenye redio waliita vurugu. Mimi nimekimbia Burundi, najua sauti ya watu wanaokuja kuua, naita vita.

Jumapili Déo hakuja.

Saa tatu asubuhi tulisikia nyimbo. Wanaume wengi, barabara nzima, wenye fimbo, mapanga na vyuma. Tulisimama dirishani nyuma ya pazia letu wenyewe.

Walimsimamisha mtu chini yetu. Walimwonyesha kiwiko, wakamuuliza kinaitwaje kwa Kizulu.

Hakujua.

Sitaandika walichofanya. Goreti alianza kusali kwa Kirundi, nikamfunga mdomo kwa mkono wangu.

Na Mandla alikuwepo. Mandla wa spaza, kile kiduka cha kona, aliyekuwa akituletea mikate kila siku, tukiivuta kwa kamba dirishani. Aliinua uso akatazama dirisha letu. Akanyoosha kidole, akawahesabia wenzake, kama mtu anayeonyesha nyumba inayouzwa. Kisha wakaitwa mtaa wa pili, wakaenda. Tulijua watarudi.

Kasongo akachukua bisibisi ya cherehani, ile fupi ya kukazia sindano. "Bawaba ziko upande wetu," akasema. "Huyu mzee alinunua kufuli la bei akasahau bawaba."

Alipokuwa anafungua skrubu, Goreti akasema jambo lililotuokoa. Jumapili hapa Johannesburg utawaona kila njia panda, watu wa makanisa ya Waafrika yanayojiita ya Sayuni, kanzu nyeupe, ukanda wa kijani, wanatembea kwa kundi. Hakuna anayewageukia. "Bitana nyeupe tunayo," akasema. "Kijani ndiyo hicho, tunakitema."

Sijawahi kuona watu wakishona vile. Hakuna kupima. Kasongo alikuwa mlangoni, sisi kumi kwenye cherehani, mimi nikikata, Goreti akiunga mabega, Hamisi wa Kigoma akipiga pindo. Kanzu kumi na moja kabla ya adhuhuri. Goreti alinikaripia kwa kola yangu iliyokaa upande. Hata hapo alitaka kola ikae sawa.

Tukauegesha mlango ukutani, tukashuka.

Tulitembea katikati ya barabara, wawili wawili. Kuimba hatukujua, basi tuliguna tu, midomo imefungwa, Kasongo akitangulia na fimbo ya pazia kama mchungaji. Roboti, taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, tukasimama kama watu wema.

Chini ya daraja la reli tuliwakuta.

Walikuwa kama ishirini. Mmoja alikuwa na damu kwenye viatu.

Tuliendelea kuguna.

Yule wa viatu akavua kofia.

Wakatupisha. Sikupumua mpaka tulipoyaona majalala ya mchanga wa migodini. Jioni tulifika Rosettenville, kwenye ukumbi wa kanisa la Waangola, ambako Goreti alikuwa amesikia wanapokea watu. Walitupa chai na magodoro. Goreti alilala amevaa kanzu.

Hapo tungekaa kimya, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Jumanne alikuja mwandishi wa gazeti, msichana mpole, na mpiga picha. Alikuwa amesikia habari ya kanzu na aliipenda mno. Goreti alikuwa na sekondari na Kiingereza, mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo alizungumza yeye, nami nilikuwa nyuma yake nikimsukuma. Kambini Tanzania tuliwahi kusikia familia moja ilichukuliwa Kanada kwa sababu jina lao lilitoka gazetini. Mtu asiye na karatasi huwaza hivyo. Niliona picha, jina, tarehe, maneno ya Kiingereza. Niliona karatasi ambayo Déo hawezi kuitia kabatini.

"Dada, anataka majina yote," Goreti akaniambia.

"Mpe."

"Na mtaa wa karakana."

"Mpe na namba ya jengo. Unataka watuandike nusu?"

"Anauliza kama waandike tuko wapi sasa. Anasema tukipenda anaweza kuacha."

Nilifikiri kidogo. Nalikumbuka lile kidogo. Nikasema, "Watu wa Kanada watatupataje?"

Jumatano tulitoka nusu ukurasa, tumejipanga na kanzu. Goreti alitusomea, akitafsiri. Kila mtu na jina lake, nchi yake, ufundi wake. Kasongo na alama yake shavuni. Goreti, fundi wa kola, lugha nne. Namba ya jengo Bertrams. Ukumbi wa Rosettenville. Na jinsi kanzu zilivyoshonwa, hatua kwa hatua, kwa hiyo kama kulikuwa na mgeni mwingine mwenye shuka jeupe aliyetaka kupita vile, tulimharibia.

Tulifurahi. Nasema ukweli, tulifurahi. Kila mmoja alikata picha akaitia kwenye plastiki. Kasongo akasema, "Polisi akiniuliza karatasi namwonyesha hii. Yake ina picha ndogo, mimi nina nusu ukurasa."

Alhamisi asubuhi Déo aliingia ukumbini na gazeti kwapani. Hakupiga kelele. Ni mtu ambaye hapigi kelele.

"Mmependeza," akasema. "Kola nani alishona?"

Akatupitia kwa macho, mmoja mmoja.

"Lazima Goreti. Goreti, mwanangu, karatasi yako inaisha kesho." Akatoa bahasha kotini, koti likiwa bado limefungwa vifungo, taratibu, akatuonyesha zote, moja moja, kama karata. "Na ya Kasongo. Na ya Hamisi. Gari iko nje. Tunamaliza mapazia leo, kesho asubuhi tunasimama foleni pamoja. Bertrams imetulia, polisi wamejaa. Msioamini, kaeni hapa mnywe chai ya watu."

"Tupe hapa hapa," Kasongo akasema.

"Nimezilinda miaka miwili, nikupe ukumbini ziibiwe?"

Goreti akanigeukia. "Dada, unasemaje?"

Karatasi yangu mimi ilikuwa imebakiza miezi miwili. Watu walikuwa wanakamatwa hata ndani ya vita ile, wakapandishwa malori ya mpakani. Nilimwambia, "Nenda wagonge muhuri, urudi kesho."

Akavua kanzu, akaikunja, akanipa nimshikie.

Wakaenda watatu.

Haya mengine alinisimulia Kasongo, mara moja tu, na sikumuuliza mara ya pili. Walifika, Déo akawapandisha Goreti na Hamisi juu, akafunga. Kasongo alibaki chini kushusha robota garini. Alikuwa na robota begani alipowasikia.

Mandla alikuwa mbele. Mkononi alikuwa na gazeti.

Déo aliingia garini, akaondoka.

Funguo alikuwa nazo yeye.

Kasongo akapanda ngazi na bisibisi yake. Bawaba sasa zilikuwa zimehamishiwa nje, zimechomelewa. Déo alikuwa amemleta mchomeleaji Jumatatu, kitu cha kwanza alichofanya baada ya kutukosa, kabla hata ya kututafuta.

Chini walikuwa wamewasha moto.

Kasongo alipiga mlango kwa bisibisi mpaka ikakatika. Goreti alikuwa upande wa pili. Alimwambia aende. Alimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kama vile labda hakusikia. Mikono ya Kasongo mpaka leo haikunjiki vizuri, hawezi tena kushika sindano.

Jumamosi nilikwenda chumba cha maiti. Karani alikuwa mtu wa heshima. Akaniuliza jina la marehemu, nikasema. Akaomba karatasi yake inayoonyesha ni ndugu yangu. Sikuwa na chochote cha Goreti zaidi ya kanzu. Nikatoa plastiki, nikamwekea gazeti mezani. Akatutazama pichani, akanitazama, akasoma, midomo ikicheza.

"Eish, mama," akasema.

Akatoa nakala, akaigonga muhuri. Ndivyo nilivyompata mdogo wangu nikamzika.

Gazeti lile lile liliandika tena, mistari michache, ukurasa wa ndani. Maiti mbili katika jengo lililoungua Bertrams, wanaosadikiwa kuwa wageni. Mara hiyo hawakuandika majina.

Polisi walimhoji Déo. Alisema alikuwa anawaokoa watu wake na makundi yakamzidi, na ushahidi wa mlango uliungua. Mandla alikaa ndani muda mfupi, akatoka, hakuna aliyesema amemwona. Kasongo hakwenda kusema, aliogopa, simlaumu. Msichana wa gazeti alikuja kunitafuta, akalia mbele yangu. Naye simlaumu sana. Aliuliza kwanza. Mtu aliyejibu nilikuwa mimi.

Miaka mitano baadaye nilikuwa nasafisha nyumba Midrand, kwa Daktari Njoki, Mkenya anayefundisha chuo kikuu. Ni mtu mwema, hunipa chai na kukaa nami. Siku moja meza yake ilijaa nakala za magazeti ya zamani sana, ya huko Cape, enzi watumwa hawajaachiwa. Nikamuuliza ni ya nini, akanisomea kwa Kiswahili. Bwana mmoja anatangaza kwamba watumwa wake wametoroka kwa pamoja, wanaume na wanawake. Anawataja majina aliyowapa yeye. Huyu katoka nchi fulani, ana kovu. Yule ni fundi wa nguo, anajua lugha kadhaa. Walikuwa wamevaa hivi na hivi. Atakayewaona atoe habari.

Nilikaa chini bila kuambiwa.

"Gazeti linasema wako wapi?" nikauliza.

"Hapana, Mama Spès. Hakuna aliyejua."

"Hawakumwambia mtu."

"Inaelekea hivyo. Lakini fikiria, bila tangazo hili tusingejua kama waliwahi kuishi. Karatasi hii ndiyo kaburi lao."

Alisema vizuri, ana elimu. Mimi niliwaza kwamba yule bwana alilazimika kulipia tangazo na kukisia urefu wao. Wa kwetu alipewa kila kitu bure, mpaka namba ya jengo. Na watu wale wa zamani, wasiojua hata kusoma, walinizidi akili. Goreti angeishi angekuwa na miaka thelathini na minne. Sijui angekuwa wapi. Kanada sidhani.

Basi nikamsimulia Njoki yote, kama nilivyoandika hapa. Alipofuta macho alisema habari hii lazima iandikwe kitabuni, na kwamba majina ya Déo na Mandla lazima yawemo. Nikasema yaandike. Nikamtamkia Karikurubu herufi kwa herufi, nikamwambia na kanisa analoimba.

Akageuza ukurasa wa daftari lake. "Na Kasongo? Ningependa nimsikie yeye mwenyewe. Anaishi wapi siku hizi?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kuosha bafu.