Mshale wa Mafuta Uliotufikisha Makambako

Jamani, leo gari letu limejijaza mafuta lenyewe.

Ni lile mume wangu, Baba Neema, analoliunda hapa uani, Ilomba. Bodi ya faiba, injini ya gari jingine.

Asubuhi ukungu ulishuka hadi migomba ya jirani ikapotea. Mama mkwe akaja na kikapu, akakaa kiti cha mbele. Anataka kupelekwa Iringa kwa dada yake, njia ya Makambako, na kwa gari la mwanawe, siyo basi.

Baba Neema akawasha taa kubwa.

Zikawaka hafifu, rangi ya asali. Halafu mshale wa mafuta ukapanda taratiiibu mpaka juu kabisa!

Akazima, ukalala. Akawasha, ukapanda.

Mama akafumba macho, anatabasamu. Na mimi kiti cha nyuma, nisiseme uongo, niliisikia lami ikipita chini ya miguu.

Baba Neema ndiye aliyetuamsha.

“Aisee, waya wa negative wa taa nimeufunga kwenye bodi!”

Miaka yote kafunga waya kwenye bodi za chuma, mkono umezoea. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo umeme wa taa ulikuwa unarudi kupitia geji ya mafuta, ndiyo ikapandisha mshale. (Mafundi, msicheke bado.)

Akauhamishia waya kwenye chasisi ya chuma. Akawasha.

Taa kali, ukungu mweupe pee. Mshale chini, hausogei. Tanki kavu.

Mama akafumbua macho, akamtazama mwanawe.

“Mwanangu, huo waya urudishe ulipokuwa. Tulishafika Makambako.”