Simu ya Makopo

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Makopo, naye hakulichukia. Makopo mawili ya maziwa, yaliyotobolewa kitakoni na kuunganishwa kwa uzi mrefu, ndiyo aliyofundishia Kiingereza cha kuzungumza. Yeye mwenyewe alijifunza lugha hiyo kwa fimbo, na kwa miaka mingi kila alipotaka kuitamka viganja vilimwasha. Hakutaka mtoto wa mtu aonje hayo.

Mchezo ulikuwa na sheria moja. Kopo likiwa sikioni, Kiingereza tu, na ukiulizwa lazima ujibu, hata kwa kubabaisha. Mmoja alikuwa daktari, mwenzake mgonjwa mwenye visingizio, na darasa zima likavunjika mbavu.

"Leo umempigia nani, Mwalimu Makopo? Rais?" mwalimu mkuu alichungulia dirishani.

"Nimempigia waziri. Nimemwambia dari ya ofisi yako inavuja."

Katika darasa hilo alikuwamo binti aliyeitwa Chiriku, jina la enzi zake za kusema bila kupumua. Tangu mama yake aende ng'ambo kufanya kazi za ndani, ulimi ulikuwa umemwia mzito. Ajabu ni kwamba kwenye foleni ya kopo alikuwa wa kwanza daima. Mwalimu akamwuliza kulikoni.

"Mama hapigi tena," alisema Chiriku akitazama viatu vyake. "Nikimpigia kwa simu ya bibi, anapokea bosi wake. Anaongea Kiingereza mbiombio, mimi nabaki kama gogo, mwishowe anakata."

"Basi mimi ndiye bosi wake. Nipigie."

Ikawa desturi yao baada ya masomo. Mwalimu alibana sauti na kuongea harakaharaka, ili mtoto azoee. Chiriku alisalimu, akajitaja, akamwulizia mama yake. Na kwa kuwa kila swali lilidai jibu, mwalimu alijibu: ametoka kwenda sokoni, anapiga pasi, yuko jikoni anaimba. Yalikuwa majibu ya mchezo tu, lakini Chiriku aliyabeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Asubuhi moja bibi yake Chiriku alikuja shuleni, akamvuta mwalimu nyuma ya ofisi.

"Mwalimu, yule bosi wa kwenye simu alikuwa anajaribu kutuambia, sisi hatukuelewa. Binti yangu hatunaye tena. Jana mwenzake aliyesafiri naye ndiye aliyeleta habari." Alijifuta macho kwa kiganja. "Mtoto usimwambie. Namngoja mjomba wake afike, mimi mdomo wangu hauwezi."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

Mchana darasa lilipobaki tupu, Chiriku alichukua kopo na kwenda kusimama kwenye kona ya mbali, uso unang'aa.

"Leo tufanye mara ya mwisho, mwalimu. Jioni bibi akienda kwa jirani, nampigia bosi wa kweli."

Uzi ukakazika. Kiingereza chake kilitiririka. Alisalimu, akajitaja, akamwulizia mama yake, kisha akaongeza jambo ambalo hakufundishwa: tafadhali sema polepole, sasa naelewa.

Mwalimu alilishika kopo kwa mikono yote miwili. Jioni ile mwanamke asiyemjua, mwenye haraka zake, angemwambia mtoto huyu, na mtoto angeelewa kila neno. Yeye ndiye aliyehakikisha hivyo. Ahadi aliyompa bibi ilikuwa ya asubuhi ileile.

"Mwanangu," alisema kwa Kiswahili.

"Aaa, mwalimu! Umevunja sheria!" Chiriku alicheka.

"Najua, mama."

Alitembea kumfuata. Uzi ulilegea, ukashuka, ukalala sakafuni kati ya madawati. Akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa lugha ambayo mama yake alimbembelezea, polepole, kama alivyoomba.

Chiriku hakulia. Alikunja uso kama anayetafuta neno lililompotea.

"Kumbe hakuwa sokoni?"

"Hakuwa, mwanangu."

"Na jikoni? Alivyokuwa anaimba?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Sheria ilimtaka ajibu, lakini aliliweka kopo lake sakafuni.

Chiriku alilirudisha kopo sikioni, uzi wake ukiwa bado umelala chini, akasimama vilevile akisikiliza.