Sauti Mbili Chini ya Masta

Kofi nililisikia kwenye hedifoni kabla sijaona limempata nani. Lilitua kavu, kikafuata kishindo cha stendi ya maiki, kisha pumzi ya mtu anayejizuia kulia. Kati yangu na chumba cha kurekodia palikuwa na ukuta wa matofali uliobandikwa magodoro chakavu, hauna dirisha. Kwenye kompyuta mistari miwili ya sauti iliruka pamoja, ikatulia.

Mlango wa ndani ukafunguliwa kwa teke. Akatoka manju, mtunzi na mwimbaji wa kikundi cha ngoma kutoka Bukundi, fimbo ya kuchungia mkononi. Nyuma yake dada yake, shavu limeanza kuvimba. Pamba ilikuwa imeshauzwa, msimu wa mashindano umefika, na wimbo huu ulikuwa wa kuwatukana wapinzani wao: dada anauliza, kaka anajibu. Gari la matangazo liliusubiri nje, hapo Bariadi, liende nao vijijini kuita watu. Kwa dada ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutoka nje ya boma lao.

"Ananifunika," manju alisema. "Nipandishe."

Nikampandisha kidogo kwenye mstari wake. Hakuridhika. Akaninyang'anya mausi, akakivuta hadi juu kile kitelezi kipana cha pembeni, tunachokiita masta. Alidhani kikubwa ni chake. Ngoma zikalipuka, taa za sauti zikawaka nyekundu, spika zikakoroma kama ng'ombe anayechinjwa. Na dada yake akapanda naye, neno kwa neno.

"Bado yupo!"

"Kaka, hiyo ni ya wote. Ukiipandisha, mnapanda wote," nikamwambia.

Ngumi ikanipasua mdomo. Damu ikadondoka kwenye kibodi.

"Unanifundisha mimi? Umekalia kiti tangu asubuhi, halafu unajiita mwanaume?"

"Mwanaume ni wewe unayepigana na maiki," dada akasema.

Fimbo ikamshukia begani, ikarudi tena. Nikajitupa katikati, iliyofuata ikanipata mkono.

"Mtoe," manju alisema akihema. "Mtoe kabisa, ngosha, au naivunja hii kompyuta." Sasa nilikuwa ngosha, mwanaume.

Nikauzima mstari wa dada. Nikaishusha masta mpaka taa zikarudi kijani, nikaucheza wimbo tangu mwanzo. Ngoma zilitangulia vizuri, kisha pakaja shimo. Manju akasikika akijibu: "Ni yule mwoga wa ng'ambo!" Kimya. "Alijificha chini ya kitanda cha mama mkwe!" Kimya. Alikuwa kama mtu anayegombana peke yake barabarani. Akaivuta masta juu tena, akitaka kelele zilijaze lile shimo. Shimo likabaki, ila sasa lilinguruma. Nje dereva akapiga honi.

"Mrudishe," alisema bila kunitazama.

Kidole changu kilikuwa tayari. Dada akanishika kifundo cha mkono.

"Usinirudishe. Nifute."

"Mfute uone!" kaka alifoka, akainua fimbo.

Safari hii dada aliidaka hewani. Akaipindua pamoja na mkono uliokuwa umeishika, mpaka nikasikia kidole cha kaka yake kikivunjika kama kijiti kikavu cha mpamba. Manju akapiga magoti, akiuma meno. Dada akaitupa fimbo chini. Hakumpiga.

"Prodyuza, futa."

Nikafuta. Ule mstari ukatoweka kwenye kioo, pamoja na mwanamke mzima aliyekuwamo. Nikautoa wimbo ulivyobaki, nikauweka kwenye flashi, nikaisukuma mezani kuelekea kwa kaka.

Hakuigusa. Alikuwa amekikumbatia kidole chake. "Na kule uwanjani," akauliza polepole, "nani ataniuliza?"

"Watu watakuuliza," dada akasema.

Akajifunga khanga yake upya, taratibu, kwa mkono mmoja, maana bega la pili lilikuwa halipandi. Akaniangalia mdomo uliovimba, akatikisa kichwa. Kisha akatoka kwenye mwanga mkali wa mchana, na mlango akaufunga nyuma yake.