Breki Iliyonyamazishwa

Kinu cha kusagia mahindi cha Munje kilikuwa kikaidi. Ukiizima injini, shafti iliendelea kuzunguka kana kwamba haikuambiwa lolote, na wanawake wenye haraka ya kwenda kupika waliinama chini yake kuchukua vikapu vyao. Mwaka wa pili wa Uhuru ilinyakua leso ya mtu ikaipasuapasua. Siku hiyo Kitsao, fundi wa kinu, aliapa kwamba atalitia breki lile balaa.

Alianza vibaya. Alibana kipande cha mbao upande mmoja, nacho kikaisukuma shafti pembeni mpaka beringi zikachemka. Akakitupa, akafikiri upya. Safari hii alifunga kwenye shafti gurudumu la breki la lori bovu, akalizungushia mkanda wa mashine uliokauka vizuri, ncha moja kwenye fremu, ya pili kwenye chuma cha kukanyaga. Ukikanyaga, mkanda unalikumbatia gurudumu na shafti inasimama.

Ila breki hiyo ilipiga kelele. Mbuzi walikimbia, na wanawake wakapata la kusema.

"Kitsao, huyu mke mdogo umemfanyani hata analia hivi?"

Kitsao alicheka nao. Aliyekereka ni Iddi, mwendesha kinu. Iddi alikuwa ndugu yake wa kuchanjana. Ujanani, ingawa mmoja aliswali na mwenziwe hakuswali, walichanjwa chale, wakala ini la kuku lililopakwa damu zao, wakaapa kwamba hakuna atakayemvua nguo mwenziwe mbele za watu.

"Niipake mafuta kidogo tu inyamaze," Iddi aliomba.

"Usithubutu, ndugu yangu. Ikinyamaza ujue haishiki."

Haukupita muda Kitsao akaitwa Msambweni kutengeneza pampu. Aliporudi alikuta watu wamejaa uwanjani. Leso ya Bi Mwanarusi, mjane aliyeshona makuti kwa mikono yake apate kulisha wanawe, ilikuwa imenaswa. Iddi alizima injini, akakanyaga breki, na breki ikateleza. Mkono wa kulia wa Mwanarusi ulivunjika vibaya. Alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali.

Kitsao aliushika mkanda. Ulikuwa laini, na vidole vyake vikanuka mafuta ya nazi. Akamtazama Iddi. Iddi akatazama chini.

Bwana Abdulkadir, mwenye kinu, aliuliza mbele ya wote, "Iddi, breki hii uliitia kitu?"

"Wallahi sijaigusa, bwana. Mimi hukanyaga tu. Na Kitsao nilimwambia zamani kwamba haishiki."

Uongo wa kwanza Kitsao angeumeza, maana hofu humfanya mtu aseme lolote. Huo wa pili ulimchoma. Hakuna aliyemlazimisha Iddi kuuongeza. Macho yote yalimgeukia fundi, na vidole vyake bado vilikuwa na mafuta. Angewanusisha tu, yangekwisha. Lakini alikuwa amekula ini lile. Alijifuta kwenye kikoi.

"Breki niliifanya mimi," akasema.

Abdulkadir alimfukuza pale pale. Kutoka Munje mpaka Jego hapakuwa tena na mtu wa kumkabidhi mashine yake, na mama mzazi wa Mwanarusi akaacha kuitikia shikamoo zake. Fundi asiyeaminiwa hana tofauti na asiyejua kazi.

Jioni ya kesho yake Iddi alikuja na kuku wawili, akamkuta Kitsao ameketi uani.

"Ahsante, ndugu yangu. Hata nilipokuwa nikiitia mafuta moyo wangu ulitulia. Nilijua, likitokea la kutokea, wewe hutanivua nguo."

Alilisema kama sifa. Kitsao aliyekuwa amekwisha kumtafutia udhuru, kwamba ameteleza, kwamba ameogopa, akaelewa kuwa ameuzwa kabla hata leso haijanaswa. Aliinuka, akampita mkewe Jumwa aliyesimama mlangoni, akaingia ndani.

"Mwambie Iddi sipo," akasema, kwa sauti iliyofika uani.

Jumwa alitoka akamwambia.